Kanda Iliyofungwa kwa Leso

Jumamosi moja asubuhi Abdulwahab alipanda juu ya kiti cha plastiki nyumbani kwake Msambweni, akateremsha kanda za video zilizokuwa juu ya kabati, akazipanga ndani ya mfuko wa mchele. Deki yao ilikuwa imeanza kula kanda, na fundi aliyekuwa akiitengeneza alikwisha kuacha kazi hiyo akawa anauza simu. Kanda zenyewe zilikuwa zimeota ukungu mweupe pembeni kwa unyevu wa pwani. Kila nyumba yenye televisheni ilikuwa ikitupa deki wakati huo, na Abdulwahab, mtunza stoo wa hoteli moja ya Diani, hakupenda kuachwa nyuma. Mashine mpya ya diski ilikuwa tayari sebuleni, nyembamba, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kilichobaki ni kuzipeleka kanda Ukunda kwa binamu yake Swabir, ambaye kazi yake ilikuwa kuzihamisha kwenye diski.

Biasha, mke wake, hakuwepo. Alikuwa Majoreni, kwao, kwenye matanga ya shangazi yake. Kabla ya kuondoka alimwomba mumewe angoje arudi, wazichague kanda pamoja. Abdulwahab hakuona sababu ya kungoja.

Kanda ya mwisho ilikuwa imefungwa kwa kipande cha leso nyekundu. Aliishika mkononi, akaitazama, akajua ni kanda gani. Mwanamume yeyote wa Msambweni angejua. Aliifungua ile leso, akaitupa kitandani, akaitia kanda mfukoni pamoja na zile nyingine. Aliona kwamba Swabir angemcheka akimpelekea kitu kilichofungwa leso.

Kanda za namna hiyo alizipiga Twaiba, mwanamke pekee wa pande zile aliyekuwa na kamera. Siku ya harusi wanawake walifunga mlango wa ua, wakavua mabuibui, na Twaiba akaanza kazi. Kwa desturi ya kina Biasha, bi harusi akishapambwa na kutazamwa huinuliwa na somo wake, yule mwanamke mtu mzima aliyemfunda, wakacheza chakacha pamoja kwa mara ya mwisho kabla hajakabidhiwa kwa mume. Twaiba hakuandika jina la mtu juu ya kanda hizo. Alizifunga kwa kipande cha leso iliyovaliwa siku ile, na hiyo ilitosha. Mwanamume haigusi kanda ya leso.

Tena kanda zenyewe zilikuwa na adabu. Wanawake wakikaa kuitazama, waliomo ndani hucheza mpaka mwisho. Mwanamume akiingia sebuleni, waliomo huacha kucheza, hujifunika, huelekea ukutani, wakangoja atoke. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Abdulwahab mwenyewe aliwahi kuingia ghafla kuchukua kofia yake. Alikuta kioo kimejaa migongo ya mabuibui, na mbele yake Bi Jumwa, somo wa mkewe, amesimama na mkono juu kama askari wa barabarani. Aliomba radhi, akachukua kofia, akatoka, na nyuma yake akasikia ngoma zikianza tena. Wakati huo Bi Jumwa alikuwa amekwisha kufariki na kuzikwa, lakini ndani ya kanda kazi yake aliifanya vile vile.

Duka la Swabir lilikuwa nyuma ya steji ya matatu ya Ukunda, chumba kimoja chenye kompyuta, deki na nyaya nyingi. Alipoitia kanda ile, wanawake walimwona, wakajifunika. Swabir hakushangaa. Kanda za leso zilikuwa zimemfikia hata kabla ya hapo, zimeingia mfukoni kwa kupitiwa, na desturi yake ilikuwa kuzitoa na kuzirudisha. Safari hii alikaa akafikiri. Kisha akakigeuzia kioo ukutani, akaiwasha mashine inakili, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Baada ya swala alipitia hotelini, akala wali na samaki, hakuwa na haraka.

Ndani ya chumba hakukuwa na mwanamume. Wanawake walingoja, wakageuka mmoja mmoja, wakatazama, hawakuona mtu. Bi Jumwa alishusha mkono. Ngoma zikaendelea na mashine ikachukua kila kitu.

Swabir aliporudi diski ilikuwa tayari. Aliiweka, na wanawake wakacheza. Alikohoa kwa nguvu, vile mwanamume mstaarabu anavyokohoa kabla ya kuingia ua wa watu. Waliendelea kucheza. Alikisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa, akawapungia mkono, wakacheza tu. Basi akavuta kiti, akatazama mpaka mwisho, halafu akawaita jirani zake.

Watu wamezoea kusema kwamba diski haina adabu. Ni kweli, haina. Lakini diski haikutoka nje kwenda kuwaita jirani. Aliyewaita ana miguu, ana mdomo, na hata leo yuko Ukunda, anasalimiwa.

Kanda ya zamani ukiinakili, na nakala ukaiinakili tena, picha huchoka, ikajaa chenga mpaka huoni mtu. Diski haichoki. Nakala ya mwisho ni safi kama ya kwanza, na kwa usafi huo Swabir alijisifu sana. Abdulwahab alipewa diski zake ndani ya mifuko ya plastiki inayong'aa, na kanda za zamani ndani ya ule mfuko wa mchele, akapanda nazo matatu kwenda nyumbani akiwa ameridhika. Nakala nyingine zilibaki dukani, zikatoka dukani, zikaenda zilikokwenda.

Biasha aliporudi kutoka matangani aliikuta leso kitandani. Alimwuliza mumewe kanda iko wapi. Abdulwahab alimwambia asiwe na wasiwasi, zote sasa ni diski, na picha imetulia kweli. Biasha aliuliza nani alikuwa ndani ya chumba wakati wa kunakili. Abdulwahab alisema hakukuwa na mtu, ni mashine tu, kisha akauliza kuna nini cha kula.

Siku zilipita. Miguu ya Biasha ikaanza kuvimba, na asubuhi aliamka nayo imechoka kama ya mtu aliyetembea kutwa. Alidhani ni chumvi.

Huko hotelini Diani, vijana wa dobi walianza kumwamkia Abdulwahab kwa kicheko. Mmoja alimwambia kuna video kwa Shem, kinyozi wa Ukunda, ambayo bi harusi wake anafanana na mtu wa Msambweni. Abdulwahab alikwenda kwa Shem siku hiyo hiyo baada ya kazi. Shem ni mtu wa bara. Diski ile aliuziwa na mchuuzi, akaiweka kuwapumbaza wateja wanaosubiri zamu. Abdulwahab alikaa kitini, akafungwa shuka shingoni. Alinyolewa nywele. Zilipokwisha, chakacha ilikuwa bado haijaisha, kwa hiyo aliagiza na ndevu pia. Alitazama mpaka mwisho, akatoka, akaenda nyumbani kumwacha mke wake.

"Ukunda nzima imekutazama," Abdulwahab alimwambia, mama yake mwenyewe akiwapo. "Siwezi kuishi na hilo."

"Kanda aliipeleka nani?" Biasha aliuliza.

"Hayo si mazungumzo ya sasa."

"Ni ya lini, Abdulwahab?"

Alimpa talaka moja. Mama yake aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Biasha alifunga nguo zake, akaenda kwao Majoreni kukaa eda. Binti yao, Yusra, ndiyo kwanza ameanza shule, akabaki kwa babake kwa sababu shule ilikuwa Msambweni.

Talaka moja si mwisho. Ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, na Biasha alilitaka neno hilo, alimtaka mtoto wake na nyumba yake. Lakini alitaka kwanza neno jingine. Alitaka Abdulwahab asimame mbele ya watu wake aseme: mimi ndiye niliyeifungua leso. Hakudai kitu kingine, na hasira yake yote ilikuwa hapo. Wanawake wa Majoreni walimshauri amsamehe, amfuate taratibu, mwanamume habanwi. Aliwajibu kwamba hajambana, anamwuliza.

Kanda ilikuwa kwake, aliichukua alipoondoka. Siku moja aliifunga tena kwa leso yake, akaipeleka kwa Twaiba, ambaye deki yake ilikuwa bado nzima. Waliitia. Kulikuwa na ua wa makuti, mkeka, ngoma zimeegemezwa ukutani, sinia ya asumini. Kuku alipita. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Waliirudisha nyuma, wakaipeleka mbele, ikawa ni mkeka na asumini mpaka mwisho.

"Wamehamishwa," Twaiba alisema, akaizima deki.

Walikuwa bado wamekaa pale, alasiri imeingia, walipobishiwa hodi. Alikuwa Bi Jumwa, amevaa zile nguo za harusi, vumbi limempanda mpaka magotini. Walimkaribisha, wakamwamkia. Alisema marahaba, akaomba maji, akanywa kata nzima kabla ya kuzungumza. Twaiba alimletea kanga ya kujitanda.

"Mle ndani ya diski hamna dirisha, wanangu," alisema. "Kwenye kanda nilikuwa nikimwona aingiaye. Mle ni kioo kitupu, najiona mwenyewe. Nasikia tu wanaume wakicheka."

Biasha alimwuliza alitokaje. Bi Jumwa alieleza kwamba diski ya yule kinyozi ilikuwa na mkwaruzo. Kila ilipofika hapo picha iligandaganda, na katika kuganda huko pakawa na upenyo. Yeye aliupima kwa siku kadhaa, kisha akapita. Wengine hawakuweza kumfuata, kwa sababu wao wako hai, na aliye hai ana mwili wake mahali pengine.

"Na mimi?" Biasha aliuliza.

"Wewe umo, mwanangu. Unacheza. Umechoka sana."

Biasha aliitazama miguu yake iliyovimba. Twaiba alimletea beseni la maji ya uvuguvugu, naye akaitia miguu ndani.

Kesho yake Bi Jumwa alikwenda Ukunda. Aliingia kwa Shem, akasimama mbele ya televisheni, akaitanda kanga aliyopewa, mikono miwili imeipanua, asionekane mtu nyuma yake. Wanaume waliokuwamo walimjua. Baadhi yao walibeba jeneza lake. Walimwamkia shikamoo kwa heshima zote, wakamwuliza habari za huko. Alisema ni nzuri. Kisha wakaanza kuinamisha shingo upande huu na upande huu.

"Mathe, samahani," Shem alisema, mashine ya kunyolea mkononi. "Songa tu kidogo hapo side. Wasee wanaona mgongo wako."

Bi Jumwa hakusonga. Alirudi siku ya pili na siku zilizofuata, akafika kinyozi anapofungua. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma, kwa maana watu wa pwani wanaheshimu wazee. Mmoja alimletea kigoda, akakataa. Alipotoka kwenda kuswali walitazama kwa haraka haraka. Mwishowe walichanga misumari na ubao, wakaipandisha televisheni juu ukutani, karibu na dari, mahali mikono ya mwanamke mzee haifiki. Walimwomba radhi kwa kelele za nyundo.

Eda ilipokaribia kwisha, ukoo wa Abdulwahab uliitisha kikao barazani kwa mzee Abdurahman, amu yake, ndugu wa babake. Palikuwa na chai ya tangawizi na mahamri. Swabir alikuwapo. Biasha alikuja na mama yake, Twaiba na Bi Jumwa. Alipopewa nafasi hakuzungumza sana. Aliiweka ile leso nyekundu juu ya mkeka, akasema anataka kujua nani aliifungua.

Mzee Abdurahman alisema hilo ni jambo la zamani. Biasha alisema talaka yake ni ya sasa.

Bi Jumwa aliomba kusema. "Mimi nilikuwa ndani," alisema. "Niliisikia leso ikifunguliwa, nikatazama. Ulikuwa mkono wa kiume, na pete ya akiki kidole cha mwisho."

Abdulwahab aliuingiza mkono wake mfukoni. Kila mtu barazani aliuona ukiingia. Aliuacha humo muda wote uliobaki, akanywa chai kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo siku nyingine amu yake angemkemea.

Wazee walinong'onezana. Kisha mzee Abdurahman alimshukuru Bi Jumwa kwa kuja kwake, akijua njia ni ndefu. Alimweleza kwa upole kwamba shahidi anatakiwa awe hai. Haikuwa dharau, ndivyo mambo yalivyo. Akamwomba awaombee dua huko anakorudi.

Swabir alipoulizwa, alisema yeye hakumtazama mwanamke yeyote wakati wa kunakili. Alikuwa msikitini, na safu nzima ya mbele inaweza kumshuhudia. Safu nzima ilikuwa hai. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akamsifu kwa kuwahi swala ya jamaa. Juu ya zile nakala, alisema biashara ya diski ni mashine, na mkono unazoea kunakili. Aliambiwa apunguze.

Uamuzi ulikuwa kwamba wanawake waache kujipiga video, kwa sababu fitina inaanzia huko. Abdulwahab alishauriwa amrejee mkewe kwa ajili ya mtoto. Alisema angependa, lakini watu watamcheka.

"Wakucheke," Biasha alisema. "Mimi wamenitazama. Wewe hutaki hata kuchekwa? Sitaki kurejewa kwa huruma. Utoe huo mkono mfukoni, useme neno moja, niondoke na mtoto wangu au nikae na wewe. Neno moja tu, na wote hapa mnalijua."

Wote walilijua. Walitazama vikombe vyao. Mke wa mzee Abdurahman alipita na birika akaongeza chai, na mtu mmoja akauliza kama mvua imefika Matuga. Ilikuwa imefika. Walizungumza habari za mahindi mpaka adhana ya alasiri.

Eda ikaisha. Abdulwahab alioa tena mwaka uliofuata, harusi kubwa, na Swabir ndiye aliyepiga video upande wa wanaume.

Miaka imepita tangu hapo. Diski nazo zimekufa. Mashine ile nyembamba iko juu ya kabati, mahali deki ilipokuwa, nayo imeota ukungu. Swabir alikwisha kumtoa Biasha kwenye diski akamtia kwenye vikadi vidogo vya simu, na kutoka humo wengine wakamtia kwenye simu zao, na sasa hahitaji hata kubebwa, anatumwa tu. Simu haina mkwaruzo wa kupitia. Biasha anatembea kwa fimbo, ingawa si mzee. Madaktari wa miguu hawakuona kitu. Yeye hukaa kwao Majoreni, anauza ubuyu, na miguu ikianza kuwaka ghafla mchana, huacha alichokishika, akaketi, akangoja huyo anayemtazama amalize.

Bi Jumwa hakurudi kaburini. Anaitwa kwenye harusi zote, kutoka Diani mpaka Vanga. Wanawake humpa kikapu, akasimama mlango wa ua, na kila anayeingia huitumbukiza simu yake humo. Hakuna anayebishana naye. Mabibi harusi wengine ni wajukuu wa watu aliowafunda, na wao humwona kuwa ni sehemu ya shughuli, sawa na mpishi na mpiga ngoma.

Mwaka jana aliolewa Yusra, hapo hapo Msambweni. Biasha alikuja, akapewa kiti cha mama wa bi harusi. Ua ulifungwa, mabuibui yakavuliwa, ngoma zikalia. Yusra alipokwisha kutazamwa, somo wake alisimama kumwinua, lakini yeye akamwendea mama yake akampa mkono. Alitaka acheze na yeye. Biasha alimshika mkono ule, akaubusu, akaitazama hina yake, akamwambia aende na somo. Miguu yake ilikuwa inawaka. Kuna mtu, mahali fulani, alikuwa anamtazama saa ile ile, na yeye alikuwa tayari anacheza.

Nje, chini ya turubai, Abdulwahab alikuwa amekaa mbele, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, pete kidoleni, na Swabir ubavuni pake. Walikuwa wameletewa sinia ya pilau kabla ya wengine. Abdulwahab alimtuma mtu aende uani kuwauliza kina mama kama hawawezi kupiga video kidogo, kwa adabu, apate kumbukumbu ya binti yake.

Mlango wa ua ukafunguka. Alitoka Bi Jumwa, kikapu cha simu mkono mmoja, leso nyekundu mkono wa pili. Alisimama akamtazama Abdulwahab, na wanaume wote chini ya turubai wakanyamaza, kwa sababu hakuna asiyejua ile leso ni ya nini na aliifungua nani.

Abdulwahab aliinuka. Alimwamkia shikamoo kwa heshima, akamwuliza hali, akamwuliza kama ameshapata chakula. Kisha akakaa, akaendelea kula, na Swabir akamsogezea kachumbari.